Mama Ozella Grisby, Aliyeikalisha Kitini Kura ya Hamsini

12 Novemba 1938 – 22 Februari 2024

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mpwa wake, Verlene Tidwell, katika Kanisa la Kibaptisti la Pisga Mpya, mjini Cullen Fork, Jumamosi tarehe 2 Machi 2024.

Mama Ozella Marie Tidwell Grisby alizaliwa Jumamosi alfajiri, tarehe 12 Novemba 1938, kule Sorrel Bottoms, kaunti ya Dantley. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Ezra Tidwell na marehemu Lutie Mae Tidwell, waliolima pamba katika shamba ambalo halikuwa lao. Siku ya nane akapelekwa kanisani. Mama yake alisema mpaka anazeeka kwamba mtoto huyu hakulia hata mara moja ibadani, ila aliwakodolea macho waliolia.

Alisoma katika shule ya vyumba viwili ya watoto weusi, maili tatu kutoka nyumbani, akienda kwa miguu. Basi la watoto weupe lilikuwa likiwapita kila asubuhi na kuwarushia tope, naye alifika darasani akiwa msafi kuliko wote, na hadi leo hakuna anayejua alifanyaje. Mwalimu Arvella Stokes alimpa kazi ya kusimama mlangoni, kwa sababu aliweza kuwanyamazisha watoto arobaini kwa kuwatazama tu. Alimaliza sekondari Mei 1956, wa tatu kati ya wahitimu ishirini na sita. Alitaka kuwa muuguzi. Hospitali iliyokuwa karibu wakati huo ilichukua wasichana weusi katika chumba cha kufulia tu, basi akaingia kufua.

Huko alikaa miaka thelathini na minane, ishirini na mitatu ya mwisho akiwa msimamizi. Damu, dawa ya kidonda, uji wa wagonjwa, wino wa madaktari: hakuna doa lililomshinda. Watu walimletea magauni ya harusi kutoka kaunti tatu. Alistaafu mwaka 1994, na wiki hiyohiyo akafua mapazia yote ya kanisa hili kwa sababu, alivyosema, alikuwa amechoka kuyatazama akiwa hana nafasi.

Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ile isiyokuwa na mshahara. Alijiunga na wahudumu wadogo wa mlangoni hapa Pisga Mpya akiwa na miaka kumi na miwili, na mwaka 1961 akachaguliwa mwenyekiti wa wahudumu wote. Aliishika nafasi hiyo hadi 2019. Waliomo humu hawahitaji kuelezwa, ila wageni wetu wajue: mhudumu wa Mama Grisby alivaa nyeupe tupu, glovu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, na hakusema neno. Kila kitu kilisemwa kwa mkono wa kulia. Kiganja juu, simama hapohapo. Kiganja chini, kaa. Vidole viwili vikielekezwa, kiti chako kile pale. Na wakati wa sala au wakati Neno linasomwa, hakuna aliyetembea. Watoto wa kanisa hili waliujua mkono ule kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Mkono huohuo ndio uliompatia mume. Jumapili moja ya mwaka 1958 kijana mwashi wa matofali, Alonzo Grisby, aliingia akitafuna chingamu. Dada Ozella akasimama mbele yake, akafungua kitambaa cha karatasi juu ya glovu, akasubiri. Kijana akajifanya haoni. Dada Ozella akaendelea kusubiri, wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Hatimaye akaitema.

"Ningeweza kuimeza," mjomba Alonzo alikuwa akituambia. "Lakini nilitaka nimwone anakuja tena."

Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1959. Mungu hakuwajalia watoto wa kuzaa, lakini walinilea mimi, Verlene, tangu nikiwa na miaka minne, na nyumba yao ya matofali katika mtaa wa Pecan ilijaa watoto wa watu kila siku ya samaki wa kukaanga. Mjomba Alonzo alifariki mwaka 1991, na Mama Ozella akaendelea kumwekea sahani Jumapili kwa muda mrefu kuliko alivyotaka tujue.

Sasa tufike tarehe 14 Juni 1998, kwa kuwa bila siku hiyo wabunge waliojaa safu zile tatu wasingekuwa hapa.

Ilikuwa Jumapili. Saa nne kasoro robo asubuhi Mama Ozella alikuwa akiendesha Buick yake kuja kanisani, amevaa sare yake iliyopigwa pasi na wanga, sanduku la glovu kwenye kiti cha nyuma. Askari wa kaunti akamsimamisha. Alikuwa kijana.

"Hili gari la nani?"

"Langu."

"Nimekuuliza, la nani?"

"Hata ukiuliza mara ya pili, mwanangu, bado ni langu. Umenisimamisha kwa sababu gani?"

Askari alimwambia ashuke, akae chini kwenye majani kando ya barabara.

"Kuna umande hapo," Mama Ozella akasema. "Na mimi nakwenda kuhudumu."

"Kaa."

Akakaa. Mwanamke wa miaka karibu sitini, katika nguo nyeupe, kwa saa moja na dakika tano, huku majirani zake wakipita na magari wakienda makanisani. Askari alifungua buti, akainua zulia, akamwaga glovu zote barabarani. Mama Ozella aliuliza sababu mara tatu. Mwishowe kijana akamrudishia leseni yake na kumwambia, "Nenda zako." Hakumpa karatasi, hakumtajia jina.

Alifika hapa saa tano na dakika tano, amechelewa kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na saba, na nyuma ya gauni lake kuna kijani kitupu. Mlangoni alisimama Darnetta Pogue, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa. Ndani sala ilikuwa imeanza. Darnetta alimwona mwenyekiti wake, akaliona lile gauni, machozi yakamlengalenga, lakini akainua kiganja. Mama Ozella akasimama kwenye ngazi, juani, mpaka amina.

"Mama Grisby, nisamehe, sikujua nifanye nini," Darnetta alimwambia baadaye.

"Umefanya nilichokufundisha. Ungenifungulia, ningekuvua glovu."

Kisha akaingia, akahudumu ibada nzima na doa lake nyuma ya gauni. Waumini walishindwa kuimba. Mama Ozella alitembea kati ya viti kama kawaida, na waliomtazama usoni wanasema hawajawahi kumwona amekasirika namna ile, maana alikuwa ametulia mno.

Jumatatu mzee wa kanisa Prentiss Oakley, ambaye ni wakili, alikwenda mtaa wa Pecan akiwa na kamera.

"Dada Ozella, gauni liko wapi?"

"Kabatini."

"Nataka kulipiga picha ile sehemu yenye doa."

"Doa gani? Nilifua jana jioni."

Wakili Oakley akakaa kitini bila kukaribishwa. "Dada, ule ulikuwa ushahidi."

"Lilikuwa doa," Mama Ozella akasema, na hapo hapo akaelewa alichokifanya, akajifunika uso kwa aproni.

Malalamiko yakapelekwa hivyohivyo. Baada ya wiki sita likaja jibu kutoka ofisi ya polisi wa kaunti: hakukuwa na kumbukumbu yoyote ya mtu kusimamishwa barabara ile asubuhi ile. Kwa maandishi yao, Mama Grisby hakusimamishwa. Aliisoma ile barua kwa sauti mezani, mara mbili, akaiweka chini.

"Mimi nimefua nguo," akaniambia. "Hawa wamefua siku nzima."

Kuanzia hapo alijua anataka nini, na hakuna aliyeweza kumpunguzia. Kuombwa radhi hakukumtosha, na ahadi kwamba askari watafundishwa adabu aliikataa. Alitaka iwe sheria ya jimbo zima kwamba hakuna anayesimamishwa kwa rangi yake, na ili watu wasidanganye, kila askari anayesimamisha gari aandike: ni nani, rangi gani, kwa sababu gani, kwa muda gani, gari lilipekuliwa au la. Dereva apewe kadi yenye jina la askari na ile sababu. Na kila mwaka hesabu yote ichapishwe, kaunti kwa kaunti, tuisome.

Muswada huo, namba 412, uliingia bungeni mwaka 1999 na kufia kwenye kamati. Mwaka 2000 ukafia palepale. Mwaka 2001 haukusomwa hata mara moja. Kila mwaka Mama Ozella alipanda basi saa kumi na moja alfajiri akiwa na kuku wa kukaanga aliyepoa ndani ya karatasi, akaenda mji mkuu, akakaa mbele ya kamati na kueleza. Mbunge mmoja alimuuliza kama hafikirii askari watalemewa na uandishi mwingi.

"Mheshimiwa," alimjibu, "mimi nilikuwa naandika kila shuka iliyoingia na kila shuka iliyotoka kwa miaka thelathini na minane. Kama shuka inaandikwa, mimi nishindwe?"

Kufikia Aprili 2003 muswada ulikuwa umefika kwenye kura ya mwisho. Bunge lina wabunge tisini na tisa. Zilitakiwa kura hamsini. Wakili Oakley alihesabu na kuhesabu, akapata arobaini na tisa za hakika na moja ya mashaka. Ya mashaka ilikuwa ya mbunge wetu wenyewe, Mheshimiwa Thurman Yancey, aliyebatizwa katika kisima kilicho chini ya mimbari hii. Mheshimiwa Yancey, ambaye leo ameketi safu ya pili, ametupa ruhusa kulisema hili, tena kasema tusipunguze. Hapa kanisani alikuwa ameahidi kupiga kura ya ndiyo. Wakuu wa polisi nao alikuwa amewaahidi hatapiga. Akatafuta njia ya kuwaridhisha wote: jina lake likikaribia kuitwa, awe ametoka nje kupokea simu.

Mama Ozella hakuambiwa na mtu. "Nimemlea yule kanisani," alisema. "Akitaka kutoroka huanza kufunga vifungo vya koti."

Jumanne tarehe 15 Aprili alikwenda na mabasi matatu ya wahudumu wa milangoni kutoka makanisa kumi na moja, watu mia moja na kumi na wawili pamoja naye, wote wamevaa nyeupe kuanzia viatu mpaka glovu. Walijaza roshani ya wageni. Askari wa bunge alikuja kuwaonya.

"Sheria za humu, mama: hakuna makofi, hakuna mabango, hakuna kuongea."

"Mwanangu, sisi ni wahudumu. Hatujaongea ibadani tangu mwaka sitini na moja."

Wabunge wakaanza kuitwa majina mmoja mmoja. Ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Kwenye roshani hapakuwa na hata kikohozi. Karani alipofika herufi ya W, kura za ndiyo zilikuwa arobaini na nane, ikabakia ya Bi. Whitcomb ambayo ilikuwa ya hakika, na ya Yancey. Kule chini Mheshimiwa Yancey akainuka. Akafunga kifungo cha kwanza cha koti. Akafunga cha pili. Akaingia katika njia ya katikati na kuelekea mlangoni, simu sikioni.

Mama Ozella akasimama kwenye ukingo wa roshani, mkono wa kushoto mgongoni, na akainua kiganja.

Hakusema neno, na hakuvunja sheria hata moja ya bunge lile. Mheshimiwa Yancey, mwenye miaka arobaini na miwili, mwenyekiti wa kamati ya barabara, baba wa watoto watatu, aliinua macho na miguu ikasimama yenyewe. Ameniambia kwamba hakufikiri. Anasema angefikiri, angetoka. Mama Ozella akageuza kiganja chini, taratibu, na Mheshimiwa akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa cha kiongozi wa upande wa pili, na kiongozi mwenyewe alikuwa amekikalia nusu.

"Mheshimiwa Yancey," karani akaita.

"Nipo."

"Mheshimiwa hayupo kwenye kiti chake. Kura hupigwa kutoka kwenye kiti cha mbunge."

Bunge lote likamgeukia. Angeweza kuondoka hapo, na sababu alishapewa. Akatazama juu tena. Mama Ozella alikuwa amenyoosha vidole viwili kuelekea kiti chake, safu ya sita, kulia. Nyuma yake wahudumu mia moja na kumi na mmoja walikuwa wameinua mikono yao pia, vidole viwili, wote wakielekeza kiti kilekile. Mheshimiwa Yancey akatembea, akafika, akafungua vifungo vya koti.

"Ndiyo," akasema.

Hamsini.

Roshani haikupiga makofi. Walishusha mikono kwa pamoja na kusimama kimya, na yule askari wa bunge alikutwa akifuta macho kwa tai yake. Walitoka safu kwa safu, wa nyuma kwanza, kama inavyotakiwa. Walipofika kwenye ngazi za nje na milango ikafungwa nyuma yao, mtu mmoja alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka kituo cha basi, na mtu huyo, aliyetunyamazisha sisi sote kwa miaka arobaini na miwili, alikuwa Mama Ozella Grisby. Aliruka. Viatu vilimtoka. Dada Darnetta Pogue ndiye aliyevibeba mpaka basini.

Gavana alitia saini tarehe 9 Mei, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2004. Ripoti ya kwanza ilipotoka, Mama Ozella aliisoma hapa mbele kwa sauti yake mwenyewe: katika Dantley, watu weusi walikuwa ishirini na wawili katika kila mia, lakini kati ya kila watu mia waliosimamishwa barabarani, sitini na mmoja walikuwa wao. Safari hii hakuna aliyeweza kuandika barua na kusema haikutokea. Uchaguzi uliofuata kaunti ikapata mkuu mpya wa polisi. Hesabu ikashuka hadi arobaini na nne, ikashuka hadi thelathini na moja, na Mama Ozella aliifuatilia kila mwaka kwa penseli nyekundu, haridhiki.

Mwaka 2009 alisimamishwa tena. Alikuwa anakwenda maili hamsini na mbili mahali pa arobaini, na alikuwa na kosa kabisa.

"Habari za mchana, bibi. Naitwa Askari Lindqvist. Nimekusimamisha kwa mwendo kasi."

"Rudia."

"Mwendo kasi, bibi."

"Iandike. Na uandike vizuri, mwanangu, hiyo kadi nimeisafiria miaka mitano."

Alirudi nyumbani akiwa na faini na furaha isiyo na kiasi. Kadi ile aliizungusha mtaa mzima, akaipeleka saluni, akaionyesha kwa mchungaji. Hatujawahi kuona mtu aliyefurahia kosa lake hivyo.

Mwaka 2021 madaktari walimwambia moyo wake umechoka. Alipunguza chumvi kwa shingo upande na kuendelea kuwakagua wahudumu kwa kupitia dirisha la gari. Tarehe 5 Februari mwaka huu alilazwa. Ilikuwa majuma hayohayo wabunge fulani walipoleta muswada wa kuifuta sheria yake, wakisema imeshamaliza kazi na uandishi umezidi. Mama Ozella hakuweza kusafiri. Alikuwa na mirija puani, na alichouliza kila asubuhi kabla ya dawa kilikuwa kimoja, kura ni lini.

Kura ilipigwa Jumanne, tarehe 20 Februari. Saa tisa alasiri Mheshimiwa Yancey, mwenye miaka sitini na mitatu sasa, aliingia wodini bado amevaa beji ya bunge.

"Mama, wameshindwa. Hamsini na nane kwa arobaini na moja. Sheria imebaki."

Mama Ozella alifumba macho. Tulidhani amelala. "Nani alitoka nje?" akauliza.

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Mama, mimi nilifika saa moja asubuhi. Sikwenda hata chooni."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine. Alhamisi tarehe 22 Februari 2024, saa nne asubuhi, alitutoka akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Ametanguliwa na wazazi wake, mumewe Alonzo, na ndugu zake watano. Ameacha dada yake, Bi. Corliss Tidwell Mapp. Mpwa aliyemlea kama binti, Verlene. Wajukuu wawili wa kulea, Imogene na Tobias. Wahudumu wa milangoni wa Pisga Mpya chini ya mwenyekiti wao, Dada Darnetta Pogue. Na Sheria namba 412, aliyoipata akiwa na miaka sitini na minne, na hapo Sara wa Biblia, aliyezaa uzeeni, angemwelewa.

Ameacha pia, kwa hesabu ya ripoti ya mwaka jana, watu laki tatu na elfu kumi na tisa wa kila rangi, waliosimamishwa barabarani katika jimbo hili, wakauliza sababu, wakaambiwa.

Mungu ampe mapumziko aliyoyafanyia kazi. Amina.